Safu ya Malalamiko

Omaha, Nebraska, Januari, saa nne na dakika sita usiku,
taa za simu ziliwaka zote kwa mpigo
kama bisi zinazopasuka sufuriani.
Mimi, Doreen Pavlik, peke yangu kwenye zamu,
sandwichi ya yai nimeiuma mara moja tu.

Kosa: filamu ya dakika kumi na mbili kutoka Denmark.
Wanawake wa miaka sabini na ushei
wanashuka ngazi ya mbao kwenye gati la Aarhus,
barafu imetobolewa, mvuke unawatoka mabegani,
na hawana hata kitambaa.
Matiti yamelala, yamekwisha kumaliza kazi.
Mmoja ana kovu la upasuaji toka kitovuni kushuka.
Wanazama, wanapiga yowe, wanapanda, wanakunywa kahawa.
Basi. Hiyo ndiyo filamu.

"Uchi wa mnyama!" alifoka Bwana Harlan Stuckey wa Grand Island,
"na mjukuu wangu yupo hapa sebuleni!"
Nilimwuliza mjukuu ana umri gani.
Ishirini na tisa.
Mama mmoja alilia kweli, sikumcheka;
alisema amemfunika mumewe uso kwa mto wa kochi.
Mchungaji wa Kearney alinisomea Mwanzo, sura ya tatu,
mpaka pale pa majani ya mtini,
akataka niandike kila neno.
Niliandika. Karatasi yetu ina safu nne:
jina, mji, saa, malalamiko.

Saa mbili, usiku huohuo, tulikuwa tumeonyesha tamthilia,
watu saba wakipigwa risasi katika duka la matairi,
wa saba polepole, akiomba.
Simu zilizopigwa: moja.
Alitaka kujua koti la mpelelezi linauzwa wapi.

Nilimwandikia mwenzangu wa kituo cha kule,
Bodil Ravnskov, mshika simu kama mimi:
kwenu mambo yalikuwaje?
Akajibu baada ya wiki:
tisa walipiga kuhusu mbwa.

Mbwa? Niliitazama filamu upya. Kweli,
nyuma kabisa, kafungwa kwenye nguzo, anatetemeka.
Mnyama ndiye pekee waliyemwona uchi.

"Lakini usidhani sisi ni mashujaa," aliongeza Bodil.
"Mwezi uliopita mtangazaji alimwuliza bibi mmoja, hewani,
pensheni yake ni kroni ngapi.
Simu mia tatu na arobaini! Mama yangu mwenyewe alipiga:
vipi mnamvua nguo mtu mzima mbele ya watoto?"

Nirudi usiku ule. Saa saba kasorobo,
sandwichi imekauka kingo, taa moja inapepesa.
Vesta Kolterman, miaka themanini na mmoja, wa Broken Bow.
Alinong'ona kana kwamba nyumba imejaa watu waliolala,
kumbe yuko peke yake.
"Mtarudia lini ile ya wale wanawake?
Nilikosa mwanzo, nilikuwa natafuta miwani.
Sijapata kumwona mtu mwingine wa umri wangu.
Mama alioga gizani. Marehemu mume wangu
alizima taa miaka arobaini na sita.
Nilidhani tumbo hili, na haya makunyanzi ya mapajani,
ni mimi tu."

Kituo hakikunifundisha jibu la hilo.
Nikasema: mmoja ana kovu, toka kitovuni.
Akanyamaza.
"La kwangu liko ubavuni," akasema. "Figo."
Tukakaa hivyo, laini wazi, gharama juu yake.

Jina: V. Kolterman. Mji: Broken Bow.
Saa: saba kasorobo.
Malalamiko:
kalamu ikasimama kidogo,
kisha nikaandika, Filamu ilikuwa fupi.